Mume Wangu Hanywi Chai Yangu Tena, na Chanzo Ni Filamu Yako

Kwa Mtengenezaji wa filamu iitwayo "Saini Mbili",
Popote pale ofisi yako ilipo.

Ndugu Mtengenezaji,

KUHUSU: BIMA YETU ULIYOTUHARIBIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali pazuri, na mwenzako wa ndoa yuko karibu anakutazama bila wasiwasi. Sisi huku kwa afya hatujambo. Kwa amani, hatumo.

Mimi ni mke wa fundi rangi na mama wa mtoto mmoja wa kike, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki ingawa maneno bado hajayajua. Wiki hii ameanza kusimama kwa kushikilia makopo ya rangi ya baba yake. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisogeze mwenyewe. Malalamiko ndiyo yaliyokaa sawa, na nimeyatia namba ili baadaye usiseme hukuyaona.

Kabla ya namba, ujue tulikotoka. Mume wangu hupaka rangi majengo marefu. Anasimama kwenye jukwaa la mbao lililofungwa kwa kamba, na watu huku chini wanamwona kama inzi ukutani. Mwaka jana mwenzake, ambaye walikuwa wakichanganya rangi kwenye ndoo moja, aliteleza. Mkewe aliletewa kofia ya kazi, brashi mbili na pole nyingi. Pole haitiwi sufuriani ikaiva. Yule dada sasa anafua nguo za watu, na watoto wake wamegawanywa kwa ndugu kama vyombo baada ya sherehe. Tangu siku ile mume wangu akitoka asubuhi mimi sihemi vizuri mpaka nisikie kikohozi chake mlangoni jioni.

Ndipo akaja mtaani kwetu wakala wa bima, kijana mstaarabu mwenye kalamu tele kwenye mfuko wa shati, watu wanamwita Makalamu. Akatueleza bima ya maisha ya wanandoa: mke na mume mnasaini pamoja, mnachangia kidogo kidogo, na atakayetangulia anamwachia mwenzake cha kulelea watoto. Basi. Hata mimi nilielewa mara moja. Mume wangu naye akasema, "Mama Chiriku, hilo ni neno. Tutasaini kabla sijapanda lile jengo jipya." Jengo lenyewe ni refu kuliko yote aliyowahi kupanda, na anaanza Jumatatu ijayo. Nilifurahi, nikalala usingizi wa mtoto mchanga aliyeshiba.

Kisha ikaja filamu yako.

LALAMIKO LA KWANZA: sura ya nje haifanani na mambo ya ndani.

Makalamu alitaka kutukusanya wanandoa wote ukumbini ili asirudie maneno yaleyale kila mlango. Akatafuta filamu ya mafunzo. Dukani akaiona yako. Juu ya kasha kuna mume na mke wamependeza, wanatabasamu, wameshika karatasi ya bima, nyuma yao nyumba kubwa yenye maua, na chini umeandika: "Waliahidiana kutunzana hadi mwisho." Sasa Ndugu, mtu mwenye akili zake timamu angefikiri nini? Kijana wa watu akainunua kwa moyo mweupe, akabandika tangazo: "Njooni na wenza wenu mjifunze. Soda bure."

Tukaja tumevaa nguo za kutokea. Kinyozi na mkewe, ambao tangu ugomvi wao wa kitanda kipya hawakuwa wameketi benchi moja, waliketi benchi moja. Mimi nilibeba karatasi ili niandike mafunzo. Nimeandika haya: wamesaini, wamefurahi, amelegeza vyuma vya roshani.

Nikanyanyua kichwa, nikadhani nimeona vibaya. Sikuona vibaya. Wino haujakauka, mume kashika spana. Mke naye si wa kuachwa nyuma, yuko jikoni anatia unga kwenye chai, na fidla inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Makalamu akasimama mbele yetu, jasho linamtoka, anasema, "Jamani subirini, mwishoni watapatana!" Hawakupatana. Mume akanywa ile chai, akafa. Na mwishoni kabisa tunaambiwa kwamba wakala wa bima ndiye aliyekuwa mpenzi wa mke tangu mwanzo, kisha mke naye akamsukuma kutoka roshani ileile, akaondoka na gari jekundu.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Makalamu wetu.

Kinyozi akasema, "Kumbe ndiyo maana unapita majumbani mchana sisi tukiwa kazini!"

Maskini akajibu, "Ndugu zangu, mimi nina mke!"

Sauti moja nyuma ikadakia, "Hata yule wa kwenye filamu alikuwa naye!"

Soda hazikuisha siku hiyo. Wanaume walizishika chupa zao wakizinusa.

LALAMIKO LA PILI: bima uliyoionyesha haijulikani na mtu yeyote.

Yule mume wa filamu yako kazikwa asubuhi. Mchana mjane ameletewa sanduku la noti nyumbani, na aliyeleta anamwomba radhi kwa kuchelewa. Nilicheka mpaka Chiriku akaamka. Mimi nilimsindikiza yule mke wa marehemu fundi kufuatilia kiinua mgongo tu, si bima. Tuliambiwa leteni cheti, tukaleta. Leteni cha ndoa, tukaleta. Leteni picha, tukaleta. Tukaambiwa picha hii amecheka, leteni ambayo hajacheka. Sasa wewe umeona wapi sanduku la noti linatembea lenyewe kwenda kwa mjane? Kama unapajua, basi hapo ndipo ungetengenezea filamu ya mafunzo, na sisi tungekushukuru.

Tena watu wako wanasaini bila kusoma, bila kuulizwa kama wana kikohozi. Makalamu alimwuliza mume wangu maswali mpaka jina la babu yake na babu alikufa na nini. Bima ya kweli inachosha, Ndugu Mtengenezaji. Hakuna muuaji mwenye subira hiyo.

LALAMIKO LA TATU, ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika: chai.

Asubuhi baada ya filamu nilimwekea mume wangu chai kama siku zote. Akaitazama.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikadhani ni mapenzi. Nikaonja.

"Onja tena. Ile ya chini."

Tangu hapo chai yangu haipiti kooni mwake. Anakula huko huko kazini, kwa mama mmoja anayepika chini ya turubai, ambaye yeye hajui hata jina la baba yake, lakini huyo anamwamini kwa sababu hajasaini naye kitu. Anarudi nyumbani ameshiba, anatazama sufuria yangu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Kuhusu bima nikimkumbusha, anasema, "Tutaona." Nikisema Makalamu atapita kesho, anasema, "Huyo naye unamkumbuka sana."

Lakini hilo nalo ningelimeza. Kuna kubwa zaidi. Jumapili hupaka nyumba ndogo ndogo za watu, na mimi ndiye humshikia ngazi, Chiriku nimembeba mgongoni. Ndiyo saa yetu ya mazungumzo. Yeye juu, mimi chini, ananidondoshea matone ya rangi kwenye kilemba makusudi kisha anasema ni upepo. Jumapili iliyopita nikashika ngazi. Akasimama, hakupanda.

"Iache," akasema. "Itajishika yenyewe."

Ndugu Mtengenezaji, wewe ni mtu uliyesoma. Umewahi kuona ngazi inayojishika? Mume wangu anaogopa kuuawa na mkewe, basi anapanda ngazi ambayo haikushikwa na mtu. Nilikaa mbali kwenye tofali, mikono nimeikunja, namwona anayumba. Hicho ndicho kitakachomuua, wala si chai. Na atakufa hana bima, ili iwe ushahidi kwamba hakuuawa kwa ajili ya bima!

LALAMIKO LA NNE: mama mkwe.

Habari zilimfikia. Filamu yenyewe hajaiona, alisimuliwa na Kinyozi, na Kinyozi ukimpa sindano anakurudishia shoka. Akaja na mkoba. "Sikuja kukaa, nimekuja kusalimia tu." Mpaka leo anasalimia. Kigoda chake kipo mlangoni mwa jiko, na yeye yupo juu yake.

"Mwanangu tangu utotoni tumbo lake jepesi," anasema, hakuna aliyemwuliza.

Nikatia chumvi kwenye mchuzi. "Chumvi hiyo mbona nyeupe sana?"

Nikamwambia, mama, chumvi zote ni nyeupe.

"Hata kwenye ile filamu ilikuwa nyeupe."

Nampenda mama mkwe, ananisaidia kumwogesha Chiriku na anamwimbia vizuri kuliko mimi. Lakini jioni nikimsikia anamwambia mwanawe, "Kikulacho ki nguoni mwako," halafu wote wawili wananyamaza nikiingia, natamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa nasikitika kwamba hata hapo watasema nimetoroka.

LALAMIKO LA TANO: umewafanya watu waamini kwamba mke anahitaji bima ndipo apate sababu ya kumuua mumewe.

Hapa nitasema wazi, na unisamehe. Sababu, ndoa inatoa bure. Mume wangu anaosha brashi zake kwenye beseni la mtoto. Anasema "nakuja sasa hivi" akiwa bado hajatoka alipo. Mtoto akilia analala fofofo, lakini nikifungua pakiti ya biskuti kwa kidole kimoja anaamka. Alimsifia dada yangu mbele yangu kwa kupika, na dada yangu alikuwa ameunguza. Je, nilimuua? Nilinuna. Nilimpa mgongo. Asubuhi nikamkaangia mayai.

Na nafasi nilikuwa nazo, usidhani. Nimemshikia ngazi tangu tuoane. Ningekuwa na nia, ningepiga chafya tu.

Sasa nikuulize, na ujibu kwa haki. Mwanamke ambaye miaka yote hii alimhifadhi mumewe bila malipo yoyote, leo anaomba karatasi moja ya kumsaidia kulea mtoto iwapo Mungu atamchukua, ndiye umgeuze muuaji? Mimi sitaki cha marehemu. Nataka mtu. Nataka huyo huyo anayenuka tina ya kuyeyushia rangi, anayemnyanyua Chiriku juu mpaka aguse dari, mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Bima naitaka ili niache kuwaza siku mbaya, nipate nafasi ya kufurahia hizi nzuri. Hilo katika filamu yako ndefu halikupata nafasi hata ya kupiga mwayo.

LALAMIKO LA SITA nilikuwa nalo, Chiriku akalia nikalisahau. Limerudi: mjane wako hakulia. Alivaa miwani myeusi na viatu virefu, akatembea makaburini kama anayeingia harusini. Mimi nimemwona mjane. Aliliita jina la mumewe mpaka sauti ikabaki upepo mtupu, na viatu alivaa vya jozi mbili tofauti. Kama hujui mjane anafananaje, uliza, Ndugu. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kutoza kiingilio.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo, na naomba kwa adabu.

Kwanza, utengeneze sehemu ya pili. Mume na mke wasaini bima, kisha kusitokee kitu mpaka mwisho. Wale. Mtoto aote meno. Wagombane kuhusu nani aliacha taa inawaka. Wazeeke. Mmoja afariki usingizini na mwenzake alie kwa sauti. Utasema watazamaji watasinzia ukumbini. Waache wasinzie. Watu wawili kusinzia bega kwa bega bila kuogopana ndicho kitu ninachokuomba.

Pili, umtume hapa kwetu yule mwigizaji mume, akiwa hai, maana mume wangu alimwona amekufa kwa macho yake. Akae mezani kwangu, anywe chai yangu birika zima, na ile ya chini. Aje na mwigizaji mke, amshikie ngazi hadharani, mtaa wote uone kwamba hakuanguka. Nauli yao iwe juu yako, chai juu yangu.

Tatu, wewe mwenyewe na mwenzako wa ndoa msaini bima ya wanandoa kwa Makalamu, ambaye tangu siku ile hajapata mteja na anapita njia za nyuma. Kila mwezi mtume picha yenu mkiwa hai wote wawili. Tutaibandika ukumbini pale palipokuwa na tangazo la soda.

Na kama hayo yote yanakushinda, basi ombi la mwisho. Nasikia mtu wenu akianguka kwenye filamu, huwa mmemtandikia magodoro chini. Jumatatu asubuhi njoo na watu wako na magodoro yako yote, mkae chini ya lile jengo. Kila atakaposogeza jukwaa, nanyi msogee. Kaeni hapo mpaka atakapokubali kusaini, au mpaka jengo liishe. Ninyi ndio mliomtoa chini ya mikono yangu. Mdakeni ninyi.

Najua posta ina mwendo wake, lakini katika filamu yako barua ilifika kabla mwandishi hajakaa vizuri, kwa hiyo nina matumaini.

Nikunje karatasi sasa, maana Chiriku amekwisha kufungua kopo. Msalimie mpiga fidla na umwambie apunguze. Wasalimie waliopamba ile nyumba, maua yalikuwa mazuri. Msalimie mwenye gari jekundu, na marehemu wako wote popote wanapoishi. Zaidi umsalimie mwenzako wa ndoa, na umwambie kuna mwanamke anamwombea maisha marefu.

Mimi ninayengoja jibu lako na magodoro,

Mama Chiriku,
mke wa fundi rangi.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mume wangu akaingia anapiga mluzi. Amekutana na Makalamu njiani na amesaini! Amesaini bila kubembelezwa, tena amesema tuombe ile bima kubwa zaidi. Karatasi ameniwekea mezani, imebaki saini yangu tu. Nilitaka kuichana barua hii kwa furaha. Lakini sasa hivi ametoka jikoni anajifuta mikono, anasema, "Mke wangu, ile soketi uliyonipigia kelele tangu tuhamie, nimeitengeneza. Nenda kaiwashe." Ndugu Mtengenezaji, huyu ni fundi rangi. Umeme hajawahi kuushika, na tangu tuhamie nikiitaja hiyo soketi hujifanya hasikii. Kwa nini leo? Na mbona anatabasamu? Sehemu ya pili ya filamu usiianze kwanza. Nijibu kwa njia ya haraka kuliko zote: yule mume wako, siku ile ya roshani, alimwita mkewe kwa maneno gani hasa, na alikuwa anapiga mluzi? Maana sehemu ile nilifumba macho. Karatasi ya bima nimeisukuma pembeni, sijaisaini. Nimemwomba mama mkwe aiwashe yeye, maana ni mwanawe. Amenyanyua kigoda chake, amekwenda kukaa uani.